Kupima ufikiaji wa tiba ya methadoni: namba ya juu, namba ya chini

Methadoni ni dawa ya kunywa wanayopewa waliozoea heroini (unga) ili waiache. Ufikiaji ni walio kwenye tiba hiyo (namba ya juu) kugawanywa kwa wanaoihitaji (namba ya chini). Mwongozo huu unamfaa anayeandaa taarifa ya mkoa wenye kliniki za methadoni, mfano Dar es Salaam, ambako Muhimbili ilianza kutoa dawa Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Kazi yote inafanyika kwa rejista na jedwali la Excel. Mifumo yenye grafu za rangi iache kwanza, maana inaficha makosa yatakayotajwa hapa chini.

Hatua ya 1: Upatikanaji

Usihesabu majengo. Kwa kila kliniki andika siku inazotoa dawa, saa dirisha la dawa linapofunguliwa na kufungwa, idadi ya wagonjwa inaowamudu kwa siku, na siku ambazo dawa iliisha ndani ya miezi 12. Weka na safu ya nauli. Dozi kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mtoa dawa, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi zidisha kwa 30. Dirisha likifunguliwa saa 2 asubuhi, kwa kibarua anayetakiwa kazini saa 1 kliniki hiyo ni kama haipo.

Hatua ya 2: Namba ya juu (walio kwenye tiba)

Chagua siku moja, kisha hesabu waliomo kwenye tiba siku hiyo. Usichukue jumla ya walioandikishwa tangu kliniki ifunguliwe. Humo mna waliofariki, waliofungwa jela, waliohama na walioacha. Jumatano ya kawaida inafaa kuliko siku nyingine. Jumapili na sikukuu baadhi ya wagonjwa huwa wamepewa dozi ya nyumbani, hivyo hawaonekani dirishani. Ramadhani nayo ikwepe: kunywa dozi mchana kunafunguza, na mahudhurio hubadilika.

Weka kanuni ya kukosa dozi kabla hujafungua rejista, na uiandike kwenye taarifa. Inayofaa ni hii: aliyekunywa angalau dozi moja ndani ya siku 7 zilizopita amo. Ukiweka siku 30, namba itapanda na utahesabu watu ambao arosto (mateso ya kukosa unga) imeshawarudisha maskani, yaani vijiwe vya watumiaji.

Kisha ondoa majina yanayojirudia. Mohamed wa kliniki moja ni Mudi wa kliniki nyingine, na aliyeacha akarudi mara nyingi hupewa namba mpya. Linganisha jina la mama, mwaka wa kuzaliwa na tarehe ya kuhama.

Hatua ya 3: Namba ya chini (wanaohitaji tiba)

Hapa ndipo taarifa nyingi huharibika, na mara nyingi kosa si la kugawanya. Namba ya juu na namba ya chini huwa zinazungumzia watu tofauti.

Makadirio hufanywa kwa njia inayoitwa ya kuzidisha. Tuseme (namba hizi ni za mfano tu) kituo cha huduma kiliwaona watu 600 wanaojidunga unga kwa sindano ndani ya miezi 6. Utafiti wa maskani ukawahoji 300, na 75 kati yao, yaani asilimia 25, wakasema walifika kituoni hapo. Gawanya 600 kwa 0.25 (ni sawa na kuzidisha kwa 4), unapata 2,400. Masharti ni matatu: miezi iwe ileile pande zote mbili, watu 600 wawe ni vichwa wala si mahudhurio, na waliohojiwa wasiwe wameletwa na wahamasishaji wa kituo hichohicho. Sharti la mwisho likivunjwa, asilimia inapanda, makadirio yanashuka, na kliniki inaonekana imefikia karibu kila mtu.

Sasa tuseme walio kwenye methadoni ni 800. Ukigawanya 800 kwa 2,400 unapata asilimia 33, na wakubwa watafurahi. Ila utafiti wa maskani uliwahoji wanaojidunga sasa. Wagonjwa waliotulia hawapo maskani, kwa hiyo hawamo ndani ya 2,400. Waongeze kwenye namba ya chini pia: 800 kwa 3,200 ni asilimia 25.

Bado. Kliniki zinaandikisha pia wanaovuta unga, peke yake au kwenye kokteli na bangi, wakati makadirio yako ni ya wanaojidunga tu. Rudi kwenye fomu za kuandikishwa, utenganishe. Kama waliokuwa wakijidunga ni 500, hesabu ni 500 kwa 2,900, sawa na asilimia 17. Kwa mizani ya mwongozo wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO (afya), UNODC (dawa za kulevya na uhalifu) na UNAIDS (UKIMWI), chini ya asilimia 20 ni ufikiaji mdogo, 20 hadi 40 ni wa kati, zaidi ya 40 ni mkubwa. Kliniki ileile, siku ileile, imeshuka kutoka wa kati hadi mdogo. Waliovuta wape mstari wao wenyewe, usiwafute.

Hatua ya 4: Kuandika

Toa asilimia ya chini kabisa na ya juu kabisa, usitoe asilimia moja. Wanawake wahesabie peke yao, kwenye namba ya juu na namba ya chini. Wakichanganywa na wanaume, upungufu wao hauonekani.

Hatua ya 5: Dozi

Kati ya waliomaliza miezi 6, wangapi wako kwenye miligramu 60 au zaidi? Dozi ndogo huwarudisha watu kwenye unga huku rejista ikiendelea kuwahesabu. Wanaotumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, au ARV zenye efavirenzi, waweke safu ya pembeni: dawa hizo hupunguza methadoni mwilini, kwa hiyo miligramu 60 zinaweza zisiwatoshe hata kidogo.