Habu ya bei kubwa: nunua ile utakayoweza kuifungua

Nasuka magurudumu ya baiskeli za mlimani hapa Arusha, na wateja wakija kuulizia habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu spoku zinapoanzia, swali lao la kwanza huwa moja: "Ina pointi ngapi?" Yaani ni mahali pangapi katika mzunguko mmoja friwili inaweza kushika, ndiyo kusema inashika upesi kiasi gani ukikanyaga pedali. Swali halina ubaya, ila mimi huliweka nyuma ya mengine mawili. Ikianza kulia ukiwa Monduli, utaifungua na nini? Na beringi zake utazipata wapi?

Habu nzuri haiishi msimu mmoja. Ringi itabonyea ibadilishwe, spoku zitakatika, tairi italika, habu itabaki na kusukwa upya kwenye ringi nyingine. Kwa sababu hiyo sina neno na mtu anayetoa fedha nyingi kwenye habu kuliko kwenye ringi. Mwenye bajeti ya kubana namwambia apunguze kwenye ringi kwanza.

Kabla hujafungua katalogi yoyote, pima fremu yako. Baiskeli nyingi za mlimani za miaka ya karibuni nyuma zina ekseli nene ya milimita 12 na upana wa 148, ule unaoitwa Boost, na mbele 15 kwa 110. Za kabla ya hapo ni 142 nyuma na 100 mbele. Zipo pia za 157. Sasa angalia mtego: ukiweka rula kati ya nyuso za ndani za fremu ya Boost utasoma 141, si 148, kwa sababu habu inazama milimita 3.5 kila upande. Vivyo hivyo fremu ya 142 itakusomea 135, nawe utaagiza habu ya 135 ya ekseli nyembamba, ije isiingie. Tazama kama kuna kijishimo cha kuilaza habu kabla ya kuandika namba.

Kutoka 142 kwenda Boost kuna faida ya kweli kwa msukaji. Masikio ya habu, pale penye matundu ya spoku, yamesogezwa nje milimita 3 kila upande, kwa hiyo spoku zinalala zaidi na gurudumu linavumilia kusukumwa ubavuni. Kama fremu yako ni ya 142, usijisumbue na viongezeo vya kulazimisha habu ya Boost. Nunua habu ya 142 iliyo nzuri.

Jambo la pili ni kaseti. Bodi ya friwili, ile sehemu kaseti inapovaa, iko ya aina tatu utakazokutana nazo: HG ya Shimano ya siku zote, Micro Spline ya Shimano ya gia 12, na XD ya SRAM. HG haiwezi kubeba sproketi, yaani gia moja ya kaseti, ya meno 10, inaanzia 11. Huku kwetu kaseti za HG ndizo zinazopatikana kwa urahisi dukani, na hata SRAM NX Eagle ya gia 12, ile ya meno 11 hadi 50, inavaa HG. Mteja akiniambia leo ana XD ila kesho hajui, namchagulia habu ambayo bodi yake inatoka na kubadilishwa bila kugusa spoku. Karibu kampuni zote kubwa zinatengeneza hivyo, lakini hakikisha bodi ya pili inauzwa peke yake na bei yake unaiweza. Ukichukua HG, ulizia kama ipo ya chuma cha pua au chuma cha kawaida. Zile za alumini hukatwa na sproketi moja moja, zikachimbika mistari, na siku ya kutoa kaseti utaigonga kwa nyundo huku ukiomba Mungu. Hope, kampuni ya habu nitakayoirudia chini, wanauza ya chuma kwa habu zao, na uzito unaoongezeka hutausikia mguuni.

Breki: chukua habu ambayo diski inafungwa kwa boliti sita, kama huna sababu ya kufanya vingine. Boliti zake ni T25, za kichwa cha nyota, na ufunguo huo upo hata kwenye kisu cha baiskeli cha mfukoni. Habu ya Centerlock, ambayo diski inakazwa kwa pete moja ya katikati, unaweza kuiwekea diski ya boliti sita kwa adapta. Kinyume chake ni shida.

Haya, tuje kwenye pointi, maana najua ndizo ulizozifuata.

Chukua 360 ugawe kwa pointi za habu, unapata digrii ambazo friwili inazunguka bure kabla ya kushika. Majina nitayaeleza chini; kwanza namba. DT Swiss yenye ratcheti, yaani pete za meno zinazoshikana, za meno 36 ni digrii 10. Ya meno 54 ni karibu 6.7. Chris King ina 72, digrii 5. Hope Pro 4 ilikuwa na 44. Pro 5 ina 108, digrii 3.3. Industry Nine Hydra ina 690, nusu digrii na chenji. Ukisoma hivyo tu, 36 inaonekana ya kizamani.

Lakini digrii hizo ni za habu, na wewe unakanyaga pedali. Kati yao kuna mnyororo. Kupata mwendo wa pedali, zidisha digrii za habu kwa meno ya sproketi uliyopo, kisha gawa kwa meno ya giya ya mbele. Mbele una 32. Unapanda mteremko mkali kwenye sproketi ya 51: digrii 10 zinakuwa karibu 16 kwenye kranki, yaani mkono wa pedali, na kwa kranki ya milimita 170 mguu wako unashuka sentimita 4.7 kabla ya kitu chochote kutokea. Kwa ratcheti ya 54 ni kama sentimita 3. Kwa Chris King ni mbili na nusu kasoro. Kwa Hydra ni milimita mbili na nusu. Ukiwa kwenye sproketi ya 10, unateremka kwa kasi, ile habu ya meno 36 inakupotezea digrii 3 tu za kranki, hutaijua.

Maana yake pointi nyingi zinalipa mahali pamoja: kupanda polepole kwenye mizizi na mawe, pale unapokanyaga nusu mzunguko, unasimama, unakanyaga tena ili pedali isigonge jiwe. Kwenye njia za msituni miteremko ya Meru, zilizojaa mizizi iliyolowa, mimi mwenyewe nazipenda. Kama safari zako ni barabara za vumbi kuelekea Ngaramtoni na kurudi, meno 36 yanakutosha kabisa, na fedha iliyobaki inunue tairi.

Halafu kuna upande ambao wauzaji hawautaji sana. Baiskeli yenye shokapu nyuma ikibonyea kwenye jiwe, mnyororo unavutwa na kutaka kurudisha kranki nyuma. Friwili yenye nafasi kidogo ya kuzunguka bure huupunguza mvuto huo kabla haujafika mguuni. Habu inayoshika papo hapo inakuletea wote. Wapo wateremkaji wanaochagua meno machache kwa makusudi.

Sasa majina. DT Swiss wa Biel, Uswisi, ndio ninaowapa watu wengi, hasa 350. Haina urembo. Ndani kuna pete mbili za meno zinazotazamana, springi zinazisukuma zikutane, na meno yote yanashika kwa pamoja, tofauti na habu za makucha, vile vikono vidogo vya springi vinavyonasa kwenye meno, ambavyo ni vichache na vinabeba mzigo wote. Unavuta kofia za pembeni kwa mkono, bodi inatoka, ratcheti hizo hapo mkononi mwako. Hakuna spana. Unafuta vumbi, unapaka grisi yake nyembamba, unarudisha. Ukitaka kutoka meno 18 kwenda 36 au 54, unanunua ratcheti tu. Ile 240 ni nyepesi zaidi na ya bei zaidi; angalia tu kwamba mfumo wake wa EXP haubadilishani ratcheti na ule wa zamani, kwa hiyo ukiagiza vipuri taja ni upi.

Hope wanatengenezea Barnoldswick, Uingereza. Wanatumia makucha, wanauza kila kipande kidogo hadi springi moja, na kofia za pembeni zinabadilishika kwa ekseli mbalimbali. Wanapiga kelele. Huku kwetu kelele si kasoro: akina mama wanaoshuka na ndizi kichwani na watoto wa mbuzi wanakusikia kabla hujawafikia.

Chris King, kampuni iliyoanzishwa 1976 na sasa iko Portland, Oregon, wanatengeneza beringi zao wenyewe, na beringi hizo zinafunguka: unatoa pete ndogo, unatoa kifuniko, unaziosha, unatia grisi mpya. Zinaishi sana. Ila kuifungua friwili yote kunataka kifaa chao maalumu cha bei, na ikiwa hakuna fundi mjini kwako anayekimiliki, umenunua saa ya ukutani isiyo na fundi saa. Industry Nine wa Asheville, North Carolina, wana Hydra yenye makucha sita yanayoshika kwa zamu kwenye duara la meno 115. Ndipo ile 690 inapatikana. Kazi yake ni safi sana, lakini makucha na springi zake ni vidogo na vinataka usafi, na vumbi letu la volkano ni laini kama unga. Onyx wa Minnesota hawana meno kabisa. Wanatumia klachi inayobana papo hapo, na habu ni kimya. Ni nzito, uzito uko katikati ya gurudumu ambako unaumiza kidogo kuliko uzito wa ringi, lakini bei yake ni ya mtu aliyeshamaliza ada za watoto.

Shimano XTR bado inatumia gololi na koni, kama Phoenix za wazee wetu, ila kwa ubora wa mbali. Ninazipenda kwa sababu fundi yeyote aliyekulia kwenye baiskeli za mizigo anajua kuzirekebisha. Lakini usiiache bila grisi. Kikombe cha ndani kikichimbika, habu imekwisha.

Kuhusu beringi za habu nyingine zote: kabla ya kununua, tafuta orodha ya namba zake. Beringi ya 6902, kwa mfano, ni 15 kwa 28 kwa 7, na duka lolote la beringi za magari na mashine linaweza kuwa nayo. Chukua yenye herufi 2RS, vifuniko vya mpira pande zote mbili. Kuna habu zenye vipimo vya pekee ambavyo havimo kwenye vitabu vya maduka hayo. Si kwamba ni mbaya, ila agiza seti ya akiba siku hiyohiyo unayoagiza habu. Beringi za seramiki ziache, kwenye vumbi hili ni fedha ya kutupa. Na anayekubadilishia beringi asukume pete ya nje ya beringi tu, asigonge ya ndani.

Matundu: 32 mbele na nyuma, spoku zenye kichwa kilichopinda. Habu za spoku zilizonyooka zinapendeza, lakini spoku zake ukizikosa Dar utazikosa na Nairobi, na baiskeli italala. Kwa mtu mwepesi 28 zinatosha. Nasuka kwa kupishanisha mara tatu, spoku za 2.0/1.8 (milimita 2.0 kwenye ncha, 1.8 katikati) na nipeli za shaba. Usikate urefu wa spoku kwa kutazama tovuti peke yake. Pima kipenyo cha duara la matundu na umbali wa kila sikio kutoka katikati ya habu, kwa kuwa upande wa kaseti na upande wa diski havilingani.

Habu ikifika, usikimbilie kusuka. Ivalishe kaseti, ivalishe diski, iingize kwenye fremu bila ringi, kaza ekseli. Ishike habu na uicheze: isiwe na mlegezo. Zungusha bodi nyuma kwa kidole, sikiliza kama makucha au ratcheti zinalia sawasawa mzunguko mzima. Fungua kofia uone kama kiwandani wametia grisi nyingi mno. Makucha yaliyozama kwenye grisi nzito huteleza ukikanyaga kwa nguvu. Kama kuna cha kurudisha dukani, kirudishe sasa, kabla masikio hayajapata alama za spoku, maana baada ya hapo hakuna muuzaji atakayekusikiliza. Yote yakiwa sawa, toa kaseti na diski, tia tone la mafuta kwenye nyuzi za spoku, na anza na upande wa kaseti.