Kutoka kula na watoto wadogo hapa Mbeya: panga saa kwanza, chakula baadaye

Sisi Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunapitia hotelini kula, mimi na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka minne mdogo ana mwaka na miezi minne. Ibada inaisha saa sita, mpaka msalimiane na watu pale nje ishakuwa saa saba, mnafika mnaagiza kuku wa kienyeji, kuku anakuja saa nane na nusu. Hapo mdogo ashalia mpaka kapitiwa na usingizi na mkubwa ameshashiba soda. Mnakula kwa zamu, mnalipa, mnarudi nyumbani kuanza kupika uji. Imeenda hivyo miezi mingi ndo nikaelewa kwamba watoto hawana usumbufu wowote, wana njaa tu, na njaa yao ina saa zake.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa jua mtoto wako anakula saa ngapi akiwa nyumbani, afu muwe mmeshakaa mezani nusu saa kabla ya hapo. Wangu wanakula saa sita na nusu, basi siku ya kutoka tunaenda ibada ya kwanza na saa sita kasoro tupo mezani, hoteli bado haijajaa, wahudumu wana nafasi na chakula ndo kinatoka jikoni. Kama hamuwezi kuwahi, mpe kitu kidogo njiani, nusu ndizi mbivu au kiazi cha kuchemsha, sio biskuti pakiti nzima maana akifika hatagusa chakula.

Ukifika usiulize menyu. Uliza "dada, kipi kiko tayari sasa hivi?" Mara nyingi wali maharage, ndizi nyama na supu vipo tayari, kuku wa kuchoma na samaki wa kukaanga ndo vya kusubiri. Agiza cha watoto kwanza na kije kwanza, nyie wakubwa mtasubiri. Na sahani ya mtoto wa miaka miwili nzima ya nini, omba sahani tupu na kijiko kidogo, mgawie kutoka kwenye yako. Sema mapema pilipili ikae pembeni na chumvi isizidi. Ndizi za Tukuyu zikiiva vizuri kwenye mchuzi mtoto anaziponda mwenyewe kwa kijiko, mimi huwa naanzia hapo. Chipsi sijakataza kwangu ila zinakuja mwisho, chache, akishakula cha maana, ukizitanguliza umeshapoteza mlo.

Mahali pa kukaa: kona, mbali na jiko la chipsi, mbali na spika, na uone sinki la kunawia liko wapi. Mwezi wa sita na wa saba usikae nje hata kama bustani ni nzuri, baridi ya Mbeya unaijua, chakula kinapoa ndani ya dakika tano na mtoto anagoma. Beba sweta, kitambaa cha kufutia, na maji yenu yaliyochemshwa, juisi za kusaga sizichukui kwa watoto wadogo kwa sababu huwezi kuona maji yaliyotumika.

Kuna vitu vya kuwa navyo macho sana, hapa naomba msinichoke. Samaki, iwe mbasa wa Kyela au mwingine, chambua miiba kwa vidole sio kwa macho. Nyama ngumu ichanechane nyuzi nyuzi. Karanga nzima na bisi ni hatari ya kupaliwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano, hata kama anko anamgawia kwa upendo. Asali nayo, hata ile nzuri ya Chunya, asipewe mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake bado haliviwezi.

Sasa nyumbani, maana mtoto anayekula hotelini vizuri amefundishwa nyumbani. Na hili linaniuma kweli. Huku kwetu chakula kipo, mchele wa Kyela, viazi vya Uyole, maparachichi mpaka yanaoza chini ya mti, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni, kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania ni asilimia 30 na jirani zetu Iringa wamepita asilimia 50. Tunawashibisha ugali na viazi, tumbo la mtoto ni dogo linajaa haraka, afu maharage na yai vinabaki kwa wakubwa. Kwa hiyo geuza, mboga iwe nyingi kwenye sahani ya mtoto na ugali uwe kidogo. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 mpaka 3 kwa siku huku ananyonya, kuanzia miezi 9 mara 3 mpaka 4 na kitafunwa katikati.

Mimi Jumamosi naenda Mwanjelwa nachukua sado ya viazi, maharage, mayai, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) na mboga ya majani ya chainizi. Maharage nayaloweka usiku, Jumapili jioni nachemsha sufuria moja ya siku mbili tatu nahifadhi kwenye friji, kama huna chemsha ya siku hiyo tu. Chungu ni kimoja kwa nyumba nzima, sipiki vya mtoto peke yake: kabla sijaweka pilipili na chumvi natoa sehemu yao, naponda, naongeza karanga za kusaga au parachichi. Karanga na mahindi yenye ukungu usichague yale mazuri, tupa yote, sumu yake haiishi kwa kupika. Chai ya rangi naitenga na chakula kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma, wape maziwa yaliyochemshwa.

Safari ya basi ya Dar ni hesabu nyingine, basi likisimama Ruaha Mbuyuni mna dakika chache, hapo usianze kuagiza. Mayai ya kuchemsha, viazi, chapati na ndizi mbivu vitoke nyumbani, mayai yaliwe mapema kabla ya joto la huko chini.

Na hotelini mtoto akishashuka kwenye kiti mara ya pili ameshamaliza, usimfukuze na kijiko kati ya meza za watu. Omba bili muda ule ule, kilichobaki wafunge, nyumbani kipashe mpaka kichemke kabisa ndo ale tena.