Kusoma vitabu vya rafu yako mwenyewe hadi cha mwisho: hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamfaa mwenye vitabu kama 50 hadi 300 nyumbani, mchanganyiko wa kila kitu: riwaya, diwani, historia, vitabu vya dini, masalia ya shule, na vile ambavyo hakuna anayejua vilifikaje. Kazi ni kuvisoma. Kuvipanga kwa rangi za majalada ni mapambo, na hapa hakutatajwa tena.

Hatua ya 1: Shusha vyote

Viweke sakafuni, si kitandani. Vya kitandani vitarudi rafuni vivyo hivyo usingizi ukikushika. Kagua safu ya nyuma, maana rafu pana huficha safu ya pili na vitabu vyembamba huangukia humo. Pangusa kwa kitambaa kikavu kitabu kikiwa kimefungwa, ukivuta vumbi kutoka mgongoni kwenda nje. Chenye kuvu kitenge na vingine siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Orodha

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Unaandika jina la kitabu, unachungulia ukurasa wa kwanza, kidogo tu, na saa nzima imepita bado uko kitabu cha saba. Basi sharti la kwanza: siku ya orodha hakuna kusoma. Dawa nzuri ni kuwa wawili, mmoja ashike kitabu na kutaja, mwingine aandike. Kwa mwendo huo kitabu kimoja huchukua dakika moja hivi.

Safu tano zinatosha: jina, mwandishi, aina, kurasa, hali. Mwaka wa kuchapwa, mchapishaji na bei viache. Kila safu ya ziada ni mara mia moja za kufungua kitabu, na hakuna hata moja itakayokusaidia kuamua usome nini kesho.

Vitabu visipozidi 100, daftari na penseli vinashinda programu yoyote. Vikizidi hapo, tumia jedwali la kompyuta, kwa sababu utataka kujumlisha kurasa na kuchambua kwa aina. Zile programu za simu za kuskani mistari myeusi ya jalada la nyuma zinavutia, lakini zijue mipaka yake. Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu ambayo mistari hiyo hubeba, ilianza kutumika kimataifa karibu na mwaka 1970, kwa hiyo kitabu cha zamani zaidi hakina. Vingi vya wachapishaji wadogo navyo havina hadi leo. Vilivyochapwa kabla ya 2007 kwa kawaida vina ISBN ya tarakimu 10. Tangu Januari 2007 zimekuwa 13, zikianza na 978 au 979, na ukiona mistari yenye namba inayoanza vingine, huenda ni ya bei ya dukani tu. Hata programu ikikitambua kitabu, mara nyingi huleta idadi ya kurasa za toleo jingine. Unaokoa sekunde za kuandika jina, unapotoshwa kwenye safu ya kurasa, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote.

Na kurasa zenyewe usizihesabu kwa kunakili namba ya mwisho. Chukua kitabu kinachoishia ukurasa wa 412. Tazama yaliyomo: marejeo na faharasa vinaanza 361. Rudi mbele: utangulizi una namba za Kirumi hadi xxiv. Za kusoma ni 360 na 24, yaani 384. Kwenye riwaya tofauti hii ni ndogo. Kwenye vitabu vya kitaaluma huweza kufika robo ya kitabu. Juzuu zikiwa tatu, andika mistari mitatu. Kazi mbili katika jalada moja, mistari miwili.

Safu ya hali usiijaze kwa kutazama jalada tu. Shika kona ya chini ya kurasa, ziachie zipite chini ya kidole gumba huku macho yakifuata namba. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa, kurasa 16 au 32 kila fungu, na fungu moja likisahaulika kiwandani utaona namba zikiruka kutoka 64 hadi 81. Wakati mwingine fungu lipo, ila limewekwa mara mbili au limepinduliwa juu chini. Bora uligundue leo kuliko kwenye riwaya ya upelelezi, kurasa kumi kabla ya muuaji kutajwa. Ukikuta kurasa zilizoungana ukingoni kwa sababu hazikukatwa, zipasue kwa kisu cha mezani kisicho na makali, ukikilaza ndani ya mkunjo na kukivuta taratibu kuelekea kwako. Wembe hutoka nje ya mstari na kula maandishi. Kidole huacha ukingo kama umetafunwa na panya.

Hatua ya 3: Ondoa visivyosomwa mfululizo

Kamusi, atlasi, ensaiklopidia, miongozo ya vifaa. Vipe rafu yao na uvifute kwenye hesabu. Mwongozo wa programu ya kompyuta isiyotumika tena hauhitaji rafu.

Hatua ya 4: Pima mwendo wako

Lengo la "vitabu viwili kwa mwezi" halina maana, kwa sababu vitabu havilingani, na hata kurasa hazilingani. Weka saa ya dakika 20, soma riwaya kuanzia ukurasa wa 30 hivi, pale majina ya wahusika yameshazoeleka, kisha hesabu kurasa. Rudia siku nyingine kwa historia, na siku ya tatu kwa kitabu kizito kuliko vyote ulivyo navyo.

Tuseme umepata 15, 9 na 5. Kwa saa moja hiyo ni 45, 27 na 15. Sasa tazama orodha yenye kurasa 9,000 za riwaya, 5,400 za historia na 3,000 za falsafa: kila kundi ni saa 200 kamili. Zile kurasa 3,000 zilizoonekana kama kona ndogo ya rafu zinakula muda sawasawa na riwaya zote. Jumla ni saa 600, na kwa dakika 40 kila siku ni siku 900, karibu miaka miwili na nusu. Hesabu hii haikusudiwi kukutisha. Inakuonyesha mapema kwamba ukimaliza riwaya zote kwanza, umebakiwa na theluthi mbili za kazi, na zote ni za mlima.

Hatua ya 5: Vitabu vitatu mkononi, visivyofanana

Kimoja kizito, kimoja cha masimulizi, kimoja cha vipande vipande: hadithi fupi, insha au diwani. Kizito kisome saa ambayo kichwa chako kiko wazi, hata kama ni dakika 15 tu. Riwaya mbili kwa wakati mmoja usithubutu, wahusika watahamiana nyumba. Tamthilia haiwi sehemu ya vitabu hivi vitatu: isome kwa kikao kimoja, orodha ya wahusika ikiwa imenakiliwa kwenye karatasi kando yako.

Ushairi usomwe kwa sauti. Utenzi una mizani 8 kwa kipande, vipande vinne kwa ubeti, na kina cha kipande cha nne hurudi utenzi mzima. Ukisoma kimya utaruka kina hicho bila kujua na ubeti utaonekana sentensi iliyokatwakatwa. Beti 40 kwa kikao zinatosha. Shairi fupi moja, mara mbili mfululizo, ni kikao kamili.

Kimoja kikiisha, mrithi wake atoke aina ileile. Baada ya kitabu cha kurasa 400 chagua kisichozidi 150.

Hatua ya 6: Kuacha

Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl anajulikana kwa kanuni ya kurasa 50: kisipokuvuta hadi hapo, kiache. Aliyezidi miaka 50 atoe umri wake kwenye 100 na asome kurasa zinazobaki. Kwa riwaya kanuni hii ni safi. Kwa historia na insha ni mbaya, kwa sababu kurasa 50 za mwanzo mara nyingi ni utangulizi wa kuwajibu wataalamu wenzake mwandishi. Huko fungua yaliyomo, chagua sura moja ya katikati unayoitaka, uisome yote ndipo uamue. Kilichoachwa kiandikie ukurasa ulioishia, kisha kitoke nyumbani. Kikirudi rafuni kitakudai upya kila ukipita.

Hatua ya 7: Alama

Penseli laini, 2B, kwa mstari wima pembeni. Kalamu ya wino hupenya karatasi nyembamba. Vikaratasi vya gundi huacha utando unaoshika vumbi, na kwenye karatasi kavu ya zamani hung'oa herufi. Kukunja kona kwenye karatasi iliyokwisha kuwa ya manjano ni kuivunja tu, itadondoka.

Kitabu kipya kikiingia, kiandike mwisho wa orodha na kingoje zamu. Cha kuazima ndicho pekee kinachoruka foleni, kwa kuwa mwenyewe anakingoja. Kiandikie jina lake na tarehe kwenye safu ya hali.