Namna ya Kutambua Kizazi cha Gari la Daraja la Pili la Langalanga

Kwa asiyezizoea, picha za magari ya madereva wanaotafuta nafasi katika langalanga, yaani Formula 1, hufanana mno: magurudumu manne yaliyo wazi, bawa mbele, bawa nyuma, na kofia ya dereva ikichungulia katikati. Hata hivyo, kujua gari ni la kizazi gani kuna faida kwa yeyote anayeandika kuhusu mchezo huu, anayepanga picha za kumbukumbu au anayetaka kulinganisha madereva. Nico Rosberg alitwaa ubingwa wa daraja la pili wa 2005 na Charles Leclerc akatwaa wa 2017 kwa magari mawili tofauti kabisa, ilhali gari la Leclerc na lile lililompa Romain Grosjean ubingwa wa 2011 ni la muundo mmoja. Asiyelijua hilo atalinganisha visivyolingana.

Mwongozo huu unahusu mashindano ya kimataifa yaliyo chini ya Formula 1 moja kwa moja. Yamekuwa na majina matatu: Formula 3000 kuanzia 1985 hadi 2004, GP2 kuanzia 2005 hadi 2016, na Formula 2 tangu 2017. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba jina na gari havibadiliki kwa pamoja. Mwaka 1996 gari lilibadilika jina likabaki. Mwaka 2017 jina lilibadilika gari likabaki. Mwaka uliofuata gari likabadilika bila jina kuguswa. Kwa hiyo maandishi yaliyo chini ya picha hayatoshi, na ni lazima gari lenyewe litazamwe.

Jambo la pili linarahisisha kazi. Katika Formula 1 kila timu hujenga gari lake na kulirekebisha kila mwaka, lakini katika daraja hili, tangu 1996, timu zote hununua muundo mmoja kutoka kwa mtengenezaji mmoja na kuutumia kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana kwa muda wote huo kuna vizazi vinane tu vya kukariri: Lola T96/50, Lola B99/50, Lola B02/50, kisha Dallara GP2/05, GP2/08, GP2/11, F2 2018 na F2 2024. Idadi hiyo haikupangwa na wahandisi, imepangwa na fedha. Mpango wa GP2 ulikuwa kuleta gari jipya kila baada ya miaka mitatu, na ulifuatwa mara mbili tu. GP2/11 lilikimbia misimu saba, na F2 2018 misimu sita. Kwa maoni yangu magari haya yanafaa kusomwa kama daftari la matumizi kabla ya kusomwa kama kazi ya ubunifu, kwani karibu kila badiliko lililochelewa lina mtu aliyekataa kulilipia.

Anzia juu ya kichwa cha dereva

Tafuta halo, yaani ule upinde wa titani unaozunguka sehemu ya juu ya chumba cha dereva na kushikiliwa na nguzo moja mbele yake. Ukiuona, gari ni la 2018 au baadaye. Usipouona, ni la 2017 au kabla. Hii ndiyo alama ya uhakika kuliko zote, kwa sababu Formula 2 ilianza kuutumia upinde huo mwaka uleule ambao Formula 1 ilianza kuutumia, na hakuna msimu ambao magari yenye halo na yasiyo nayo yalichanganyika. Wengi waliupinga kwa sababu ya sura yake. Ubishi ulipungua Mei 2018 huko Barcelona, pale gari la Nirei Fukuzumi lilipopanda juu ya gari la Tadasuke Makino na gurudumu lake likagonga halo badala ya kofia ya Makino, aliyetoka bila kuumia.

Ukishaiona halo, shuka kwenye magurudumu. Misimu ya 2018 na 2019 ilitumia rimu za inchi 13, ambazo hulifanya tairi lionekane nene, lenye ukuta mrefu wa mpira. Kuanzia 2020 rimu ni za inchi 18 na ukuta wa tairi ni mfupi, kama tairi la gari la kifahari la barabarani. Tofauti hii huonekana hata katika picha ndogo iliyopigwa kwa mbali. Kwa njia hii unaweza kutenganisha gari la George Russell, bingwa wa 2018, na lile la Mick Schumacher, bingwa wa 2020, ingawa muundo wa magari yote mawili ni uleule wa F2 2018. Hapa daraja la pili lilitangulia: Formula 1 ilihamia inchi 18 mwaka 2022 tu, na madereva wadogo ndio waliotumika kulijaribu tairi hilo mbele ya watu.

Kinachobaki ni kutenganisha F2 2018 na F2 2024, yote mawili yakiwa na halo na rimu za inchi 18. Tazama bawa la nyuma. La F2 2018 lina pembe kali na mbao za pembeni zilizosimama. La F2 2024 limepinda, na kingo zake zinaingia ndani kwa mviringo kwa kufuata sura ya magari ya Formula 1 ya kanuni za 2022. Kusudi la umbo hilo ni kupunguza hewa chafu inayomvuruga dereva aliye nyuma, ili aweze kukaribia na kupita. Badiliko jingine la gari hilo halionekani kwa macho: liliundwa ili usukani wake usihitaji nguvu nyingi za mikono, kwa kuwa magari haya hayana usukani wa kusaidiwa na mashine, na FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mashindano ya magari, lilitaka liwafae madereva wa maumbile yote, wanawake kwa wanaume. Gabriel Bortoleto ndiye bingwa wake wa kwanza.

Ikiwa hakuna halo

Bila halo, tairi ndilo shahidi wako. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwake. Katika enzi ya GP2, Bridgestone ilitoa matairi hadi 2010, na Pirelli ikachukua nafasi hiyo 2011, msimu uleule ambao GP2/11 lilianza kukimbia. Kwa hiyo gari lisilo na halo na lenye tairi la Pirelli ni GP2/11, liwe katika mbio zilizoitwa GP2 au katika ule msimu mmoja wa 2017 wenye jina la Formula 2. Gari hilo ndilo walilotwalia ubingwa Stoffel Vandoorne mwaka 2015, Pierre Gasly mwaka 2016 na Leclerc mwaka uliofuata.

Ndani ya misimu hiyo saba kuna mpaka mmoja wa kukumbuka. Kuanzia 2015 gari liliwekewa DRS, mfumo unaofungua ubao wa juu wa bawa la nyuma ili kupunguza ukinzani wa hewa pale dereva anapomfukuzia mwenzake kwenye sehemu iliyonyooka. Picha inayoonyesha ubao huo umefunguka haiwezi kuwa ya 2011 hadi 2014. Formula 1 ilikuwa na mfumo huo tangu 2011, kwa hiyo hapa daraja la pili lilibaki nyuma kwa miaka minne, na dereva aliyepanda daraja katika kipindi hicho alikwenda kuujifunza ukubwani.

Tairi la Bridgestone linahitaji uangalifu zaidi. Ukiona mifereji inayozunguka tairi, ni 2005, msimu wa kwanza wa GP2. Kuanzia 2006 mashindano haya yalitumia tairi kipara, yaani lisilo na mifereji, huku Formula 1 ikiendelea na matairi ya mifereji hadi mwisho wa 2008. Ndiyo kusema kwamba Lewis Hamilton, bingwa wa GP2 wa 2006, alipopanda Formula 1 mwaka 2007 alirudi kwenye tairi la aina iliyokuwa imeachwa katika daraja alilotoka. GP2/05 lilipata sehemu kubwa ya mkandamizo wake, yaani nguvu ya hewa inayolibana gari barabarani, chini ya sakafu badala ya kutegemea mabawa pekee, jambo lililowawezesha madereva kufuatana kwa karibu. Naona ndiyo sababu moja ya mbio za Istanbul za 2006, ambamo Hamilton alizunguka na kuangukia mkiani kisha akapanda hadi nafasi ya pili, kukumbukwa mpaka leo.

Kutenganisha GP2/05 na GP2/08 ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe hutokana na kuamini tarehe. GP2/08 lilianza katika mashindano makuu mwaka 2008, lakini mwaka huohuo yalianzishwa mashindano ya majira ya baridi yaliyoitwa GP2 Asia, yaliyokimbiwa Dubai, Bahrain, Malaysia na kwingineko, na waandaaji waliyapeleka huko magari yaleyale ya 2005 ambayo Ulaya haikuyahitaji tena. Hivyo Grosjean, akiwa na timu ya ART, aliendesha GP2/05 katika GP2 Asia na GP2/08 huko Ulaya ndani ya mwaka mmoja wa 2008. Picha yake ya mwaka huo haijulikani ni ya gari gani mpaka ujue ilipigwa wapi. Tafuta jina la kiwanja kwenye mabango ya pembeni, au mandhari: mchanga wa Dubai Autodrome haufanani na misitu ya Spa, Ubelgiji. Kuchanganyikiwa huku kulikwisha mwaka 2011, GP2 Asia ilipoletewa GP2/11 kwa msimu wake wa mwisho.

Ukiwa na sauti

Video hukupa msaada ambao picha haina. Magari yote ya GP2, pamoja na lile la Formula 2 la 2017, yalikuwa na injini ya Mecachrome ya silinda nane, ujazo wa lita 4.0, isiyo na turbo, yenye nguvu farasi zipatazo 600. Sauti yake ni kali na ya juu. Tangu 2018 injini ni ya silinda sita, lita 3.4, yenye turbo moja na nguvu farasi 620, na ngurumo yake ni nzito na ya chini. Fernando Alonso alipolalamika redioni huko Suzuka mwaka 2015 kwamba injini ya gari lake la Formula 1 ilikuwa ya GP2, matusi yake yalieleweka mara moja, ingawa kiufundi injini ya GP2 ya wakati ule haikuwa na undugu wowote na ile iliyokuwa mgongoni mwake.

Injini ya turbo ilileta pia alama isiyokusudiwa. Mwaka 2018 magari mengi yalizimika kwenye mstari wa kuanzia kwa sababu ya matatizo ya klachi, hata waandaaji wakaamua kwamba mbio za viwanja vya Red Bull Ring na Silverstone zianze magari yakiwa tayari yanatembea. Ukikutana na video ya Formula 2 yenye mwanzo wa namna hiyo katika hali ya hewa kavu, fikiria kwanza katikati ya 2018. Mafuta nayo yamebadilika, asilimia 55 yakitokana na vyanzo endelevu mwaka 2023 na asilimia 100 mwaka 2025, lakini hayo hayatambuliki kwa jicho wala kwa sikio.

Kabla ya 2005

Kwa Formula 3000, jifunze kusoma namba za muundo, kwa kuwa zimebeba mwaka ndani yake: T96/50 ni ya 1996, B99/50 ya 1999, B02/50 ya 2002. Yote matatu yalitoka Lola, yakiwa na injini ya silinda nane ya Zytek na matairi ya Avon, na timu zote zilitumia kitu kimoja. Kabla ya hapo mambo yalikuwa huru zaidi. Kuanzia 1985 hadi 1995 timu zilichagua kati ya March, Ralt, Lola na, tangu 1988, Reynard; March 85B lilimpa Christian Danner ubingwa wa kwanza, na herufi D katika Reynard 88D au 95D huonyesha kwamba gari hilo ni la Formula 3000. Kwa picha za miaka hiyo usiulize ni kizazi gani tu, uliza pia ni kiwanda gani.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kubana matumizi. Formula 1 ilipohamia injini za turbo, injini nyingi za Cosworth DFV za lita 3.0 zilibaki bila kazi, na Formula 3000 iliundwa ili zitumike, zikiwekewa kikomo cha mizunguko 9,000 kwa dakika. Baadhi ya timu zilikwenda mbali zaidi, zikaleta magari kamili yaliyostaafu Formula 1, kama vile Tyrrell 012. Kwa hiyo picha ya 1985 inayoonekana kabisa kuwa ya Formula 1 isikufanye uharakishe kuihamisha faili. Angalia kwanza namba ya gari, jina la dereva na timu.

Tahadhari kama hiyo inahitajika upande wa pili wa enzi hii. Magari ya Lola yaliyomaliza muda wake hayakutupwa, bali yaliuzwa kwa mashindano madogo ya Formula 3000 ya Italia, yaliyoanza 1999 kwa kutumia T96/50 ileile iliyokuwa imetoka tu kwenye mashindano ya kimataifa. Ukikuta T96/50 katika picha ya 1999 au baadaye, iweke upande wa Italia mpaka upate ushahidi mwingine.