Somo: Kupeleka umeme wa betri kwenye redio ya gari bila kuunguza waya

Redio ya HF (redio ya mawasiliano ya mbali, inayopokea na pia kurusha sauti yako) ya wati 100 ikirusha kwa nguvu zote inakula ampia 20 hadi 22. Ikiwa inapokea tu, hula kama ampia 1 au 2. Pengo hilo ndilo linalowachanganya wengi: redio inawaka vizuri, stesheni zinasikika, ukibonyeza maiki inajizima. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi, fundi anaiwasha mezani kwake, haina tatizo lolote. Mara nyingi redio ni nzima na shida iko kwenye waya.

Upande wa pili ni hatari zaidi. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampia bila kusita, na waya uliopita chini ya zulia unakuwa hita. Kwa hiyo tunataka mambo mawili kwa pamoja: volti zifike zikiwa kamili, na siku kitu kikiharibika, fyuzi ife kabla ya waya kushika moto.

Hatua ya 1: Jua unahitaji ampia ngapi

Andika kila kifaa na mkondo wake wa juu, unavyosomeka kwenye kitabu chake. Mfano tutakaokwenda nao: redio ya HF ampia 22, redio ya VHF/UHF (ya mawasiliano ya karibu) ya wati 50 ampia 12, vidude vidogo (tyuna ya antena, chaja) ampia 3. Jumla 37. Najua hutarusha kwenye redio zote mbili kwa wakati mmoja, lakini kebo kuu ipigiwe hesabu kana kwamba utafanya hivyo.

Hatua ya 2: Chagua waya

Hapa ndipo watu wanapobania, na ndipo hasara inapoanzia.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa ohm 0.0172 kwa kila mita. Gawa namba hiyo kwa unene wa waya wako, zidisha kwa urefu, kisha zidisha kwa ampia. Utapata volti zinazopotea njiani. Urefu ni wa kwenda na kurudi. Redio ikiwa mita 4 kutoka kwenye betri, hesabu mita 8.

Kwa ampia 22 na mita hizo 8, waya wa 2.5 mm² unapoteza volti 1.2. Wa 6 mm² unapoteza 0.5. Wa 10 mm² unapoteza 0.3.

Volti 1.2 unaweza kuiona ndogo. Lakini redio nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8, kuongeza au kupunguza asilimia 15, maana yake mwisho wa chini ni 11.7. Injini ikiwa imezimwa, betri nzuri inakaa kwenye 12.6, na ukianza kurusha inashuka yenyewe hadi 12.2 hivi. Toa 1.2, redio inabaki na 11.0. Hapo ndipo sauti yako inapokwaruza, mwanga wa kioo unapocheza kila ukitamka neno, na mwishowe redio inajizima.

Kwa mfano wetu wa ampia 37 nisingeshuka chini ya 10 mm² kwa kebo kuu.

Kagua pia waya wenyewe. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, unauzwa sana kwa ajili ya muziki wa magari, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu. Toa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini, uache. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ni nzuri kuliko hata shaba ya kawaida kwa sababu haishiki kutu haraka.

Hatua ya 3: Fyuzi kuu, karibu na betri

Fyuzi inalinda waya. Redio ina ulinzi wake ndani. Ukilishika hilo, mahali pa fyuzi panajionyesha penyewe: kipande chote cha waya kilicho kati ya kichwa cha betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi iwezekanavyo, shubiri moja au pungufu. Kebo nyingi zinazokuja na redio zina fyuzi karibu na redio. Ukizirefusha na kuzifunga kwenye betri hivyo hivyo, una mita kadhaa za waya zisizolindwa na chochote, tena zinapita kwenye chumba cha injini ambako kila kitu kina joto na kinatikisika.

Ukubwa wa fyuzi uzidi kidogo mkondo wa vifaa, na uwe chini ya kile waya unachoweza kubeba bila kupata moto. Kwetu: fyuzi ya 40 kwenye waya wa 10 mm². Kishikio cha fyuzi kiwe cha maana. Vile vya plastiki laini vyenye vikia vya waya mwembamba huyeyuka kabla ya fyuzi yenyewe kukatika.

Hatua ya 4: Upande wa hasi

Kuna ubishi mkubwa hapa, na pande zote zina hoja.

Utaratibu wa zamani ulikuwa kufunga hasi moja kwa moja kwenye kichwa cha betri na kuweka fyuzi upande huo pia. Fyuzi hiyo ilikuwa na sababu: mkanda wa ethi wa injini (unaorudisha umeme wa injini kwenye hasi ya betri) ukikatika, stata inatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na inaweza kupitia waya hasi wa redio yako. Stata ni mamia ya ampia.

Magari mengi ya sasa yana sensa ndogo kwenye kichwa cha hasi, inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga redio juu ya kichwa hicho, mkondo wako hauhesabiwi na kompyuta ya gari inadanganyika kuhusu hali ya betri. Kwa gari kama hilo, na mimi nasema hata kwa mengine, funga hasi pale mkanda wa betri unapokutana na bodi. Sugua rangi mpaka chuma king'ae, tumia boliti yenye washa ya meno, kisha paka grisi. Ukifunga hivyo, fyuzi ya upande wa hasi haihitajiki.

Na usisahau jambo hili: hasi ya redio inakutana na bodi kwa njia nyingine pia, kupitia wavu wa kebo ya antena na bracketi ya chuma. Waya wako hasi ukilegea, redio haitazimika. Ampia 20 zitarudi kupitia wavu wa kebo ya antena, ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukigusa kebo ya antena ikawa ya moto wakati wa kurusha, anza kwa kukagua hasi.

Hatua ya 5: Kupitisha kebo

Chomoa hasi ya betri kwanza, vua pete na saa. Chanya na hasi zipite pamoja, zimebanana, maana hivyo hazinasi kelele nyingi. Kila tundu la bati unalopitia liwekewe raba, hata kama lina upana wa kutosha. Mtikisiko wa gari utakula ganda la waya taratibu. Kaa mbali na ekzosi, pedali, usukani na mabomba ya mafuta. Usikatize mbele ya mfuko wa hewa, wala usiguse waya zake. Mara nyingi zimefunikwa kwa rangi ya njano.

Hatua ya 6: Kisanduku cha kugawia

Kebo kuu inaishia kwenye kisanduku, na kila kifaa kinatoka na fyuzi yake: 25 kwa HF, 15 kwa VHF, 5 kwa vidogo. Sababu ni ile ile. Waya wa chaja hauwezi kulindwa na fyuzi kuu ya 40. Utawaka wote na fyuzi ikitazama.

Kwa viunganishi, Anderson Powerpole vimezoeleka kwa watu wa redio kwa sababu havina dume wala jike, na saizi ile ya kawaida inakubali pini za ampia 15, 30 na 45. Chagueni mpangilio mmoja wa nyekundu na nyeusi, wote muufuate. Pini zibanwe kwa koleo lake. Waya uliojazwa risasi ya kulehemu unakuwa mgumu, na kwenye gari hukatika pale ugumu unapoishia.

Hatua ya 7: Relei, ukipenda

Anayesahau kuzima redio aweke relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) kabla ya kisanduku. Miguu 30 na 87 inapitisha umeme mkubwa. 85 na 86 ni koili, moja kwenye bodi na nyingine kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa, nao uwe na fyuzi yake. Relei za kawaida ni za ampia 30 au 40. Kwa mfano wetu tafuta ya 70.

Hatua ya 8: Pima ukiwa unarusha

Kabla ya kuchomeka fyuzi kuu, hakikisha kwa multimita kwamba chanya na hasi hazijagusana. Chomeka, kagua kama chanya imeingia panapotakiwa, ndipo uunganishe redio.

Funga mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu za redio bila kuzirusha hewani) mahali pa antena, weka FM, nguvu zote. Pima volti kwenye betri, kisha nyuma ya redio. Tofauti ikizidi nusu volti, mtafute mwizi: weka ncha mbili za multimita kwenye pande mbili za kishikio cha fyuzi, redio ikiwa inarusha. Kisha kiunganishi, kisha ethi. Mahali penye 0.2 au 0.3 pekee yake ndipo penye ubovu. Baada ya dakika chache gusa kila kiungo kwa mkono. Vuguvugu sawa. Kikikufanya utoe mkono, kifanye upya.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kwa nini nisitumie tu soketi ya kiberiti? Redio yangu ni ya wati 50.

Jibu: Fyuzi ya soketi hiyo kwa kawaida ni ya ampia 10 hadi 20, na waya wake umekatwa kulingana nayo. Halafu ncha inashikwa na springi tu. Redio ya mkononi, sawa. Hiyo ya wati 50 ishushe kwenye nguvu ya chini kabisa kama huna njia nyingine, lakini isiwe ndoa ya kudumu.

Swali: Fyuzi yangu ya 25 inakatika kila nikirusha muda mrefu. Nimeweka 40, sasa imetulia. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, ndugu yangu. Rudisha 25 leo. Kisha angalia miguu ya fyuzi iliyokatika na kishikio chake: vikiwa vimebadilika rangi, joto la mguso mbaya ndilo linaloikata. Kama ni visafi, pima mkondo. Huenda kuna kifaa kingine umekipachika kwenye tawi hilo hilo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Wenzangu wanasikia mluzi kwenye sauti yangu, unapanda na kushuka na mwendo wa injini.

Jibu: Marahaba. Huyo ni alteneta. Kama chanya yako umeichukua kwenye waya za dashibodi, ihamishie kwenye betri. Kama iko kwenye betri tayari, kagua ethi. Vichujio na vipete vya feraiti vije mwisho, vinginevyo unaficha ugonjwa.

Swali: Nataka kuweka betri ya lithiamu kwenye buti, ichajiwe na alteneta. Nazifunga tu chanya kwa chanya?

Jibu: Usifanye hivyo. LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) ikiwa tupu inavuta mkondo mkubwa kuliko alteneta inavyopenda, na alteneta za kisasa hupandisha na kushusha volti zinavyotaka. Weka chaja ya DC kwa DC katikati, na fyuzi mbili, moja kila mwisho wa kebo, maana sasa kuna betri pande zote mbili.

Swali: Kaka, mimi naendesha lori la volti 24. Nimeambiwa nichukue 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili.

Jibu: Aliyekuambia hatakununulia betri mpya. Ile unayoinyonya itakuwa haijai, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunua kibadilishi cha kutoka 24 kwenda 13.8 chenye uwezo wa ampia 30 mfululizo kama redio ni ya wati 100. Soma vizuri neno hilo mfululizo. Vingine vimeandikwa 30 ambazo ni za sekunde chache. Fyuzi kuu bado inakaa kwenye betri, upande wa volti 24, na iwe imeandikwa volti 32 au zaidi.