Tangazo la mtaa: namna ya kulisoma, kuliandika na kulibandika kabla uchaguzi haujafika

Nina duka la steshenari Mikindani, kando ya barabara iendayo Mtwara mjini. Natoa kopi, nachapa barua, napiga laminesheni. Matangazo mengi ya mitaa ya hapa hupita mikononi mwangu kabla hayajafika ukutani: mkutano, usafi, chanjo, maji kukatika, mbuzi aliyepotea, na kila baada ya miaka mitano, uchaguzi wa serikali za mitaa. Kwa miaka yote hiyo nimeona jambo moja likijirudia. Watu hujiandaa kwa siku ya kura, lakini haki yao ya kupiga kura huwa imeshaamuliwa wiki kadhaa nyuma, na karatasi ambayo hakuna aliyesimama kuisoma. Naandika haya kwa ajili ya msomaji wa matangazo na kwa ajili ya mtendaji au mwenyekiti anayeyaandika.

Jua kwanza unachagua nini. Mikindani imo ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, kwa hiyo sisi ni watu wa mitaa: tunamchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa, wakiwemo wa kundi la wanawake. Ndugu zetu wa Msimbati wako halmashauri ya wilaya. Wao humchagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mtendaji wa mtaa hachaguliwi, ni mwajiriwa. Na balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, kwa hiyo karatasi aliyoiandika yeye haiwi tangazo la serikali, hata kama ni mtu mwema na mtaa mzima unamheshimu.

Mwenyekiti ndiye unayemfuata ukitaka barua ya utambulisho ya kufungua akaunti au ya kumdhamini kijana wako. Ndiye anayeongoza mkutano ambao mapato na matumizi ya mtaa husomwa. Diwani na mbunge wako mbali, huyu unamkuta kwenye kahawa.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe.

Tangazo la serikali lina vitu vinne vya kutazama kabla hujasoma lolote: nembo au jina la ofisi juu, tarehe, jina na cheo cha aliyetia sahihi, na muhuri. Likikosa kimojawapo, nenda ofisi ya mtendaji ukaulize. Tarehe ndiyo ya kutazamwa kwa makini zaidi. Mnamo Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Kenneth kwa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kimbunga kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 mwezi huo. Mei 2024 kikaja Hidaya. Nyakati kama hizo tahadhari isiyo na tarehe ni hatari. Aliyeipata jana na atakayeipata mwezi ujao wataisoma sawasawa, mmoja atapuuza la kweli na mwingine atakimbia lililokwisha. Uchaguzi nao ni hivyo hivyo. Ujumbe wa "mwisho wa kujiandikisha ni kesho" ukirushwa kwenye makundi ya wasap bila tarehe, kesho yake haijulikani ni ipi. Ukitaka kusambaza tangazo kwa simu, piga picha karatasi yenyewe ukutani, muhuri uonekane. Usiliandike upya kwa maneno yako.

Matangazo ya uchaguzi huja kwa mpangilio, na kila moja lina dirisha lake. Chukua mwaka 2024 kama kielelezo. Kwanza yalibandikwa majina na mipaka ya mitaa, vijiji na vitongoji. Wengi hulipita hili, lakini mtaa ukigawanywa, kituo chako kinahama bila wewe kuhama. Likafuata la uandikishaji: tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Halafu orodha ikabandikwa ili wakazi waikague. Zikaja fomu za wagombea na uteuzi, kampeni za tarehe 20 hadi 26 Novemba, na kura Jumatano ya tarehe 27 Novemba, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Uchaguzi wa 2029 utakuwa na tarehe zake, lakini ngazi za kupanda ni hizo hizo. Atakayeruka ngazi ya Oktoba hana pa kukanyaga Novemba.

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko wote, na naomba usome taratibu. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume ya Uchaguzi, na ndilo linalotumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake ya wapiga kura, inayoandikwa upya mtaani kwako. Kadi ya mpiga kura uliyonayo kabatini haikuingizi kwenye orodha hii. Inaweza kukusaidia kama kitambulisho siku ya kura, sawa na kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au kadi ya bima ya afya. Lakini kama hukwenda kuandikwa zile siku kumi, jina lako halimo. Mtu wa miaka sitini aliyepiga kura tangu enzi za chama kimoja anaweza kurudishwa mlangoni kwa sababu hii tu, na karani hana la kumfanyia. Mtendaji anayeandika tangazo la uandikishaji aweke sentensi hii kwa herufi kubwa kuliko zote: HATA KAMA UNA KADI YA MPIGA KURA, NJOO UJIANDIKISHE. Nimeona sentensi hii ikimsimamisha mtu aliyekuwa akipita na ndoo kichwani. Akaisoma kwa sauti, akamwita jirani yake.

Orodha ikibandikwa, usiishie kuliona jina lako. Huku kwetu majina yanafanana. Kwenye ukurasa mmoja unaweza kukuta Salumu Hamisi watatu, mmoja wa Magengeni na wawili wa nyumba zinazotazamana. Kidole chako kiende kwenye mstari mzima: majina matatu, jinsi, umri, mahali unapoishi. Fatuma aliyeandikwa Fatma ni jambo la dakika mbili akilisema wiki ile ile. Akinyamaza, ni ubishi wa nusu saa kituoni huku foleni ikinung'unika. Kama jina halimo au limekosewa, au umeliona la mtu aliyefariki au asiyeishi hapo, andika pingamizi ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo. Karatasi moja inatosha: jina lako, mtaa wako, kosa lilipo, unachoomba, tarehe, sahihi. Toa kopi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayaachi alama, na afisa anayepokea watu mia kwa siku hawezi kukukumbuka.

Kwa anayetaka kugombea, nina machache ila ni mazito. Masharti ya msingi ni uraia, miaka 21 au zaidi, ukazi wa mtaa husika, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na kudhaminiwa na chama cha siasa, kwa kuwa mgombea binafsi hayupo katika sheria zetu. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na makosa ya kujaza fomu yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Vyama kadhaa vikatangaza kujitoa. Iliniuma, kwa sababu mtaa usio na ushindani hauna pia wa kumuuliza mwenyekiti maswali. Kwa hiyo chukua fomu siku ya kwanza. Toa kopi tupu, ujaze hiyo kwanza kwa penseli. Majina yawe yale yale, kwa herufi zile zile, kama yalivyo kwenye kitambulisho na kwenye orodha. Jina la chama liandike kwa ukamilifu wake. Usiache nafasi wazi. Mtu mwingine asome kabla hujarudisha, na ukirudisha, upate uthibitisho wa maandishi. Na usome ubao kila siku katika siku za uteuzi na pingamizi, kwa sababu majina ya walioteuliwa yakibandikwa, saa za kukata rufaa zimeanza kuhesabika.

Nirudi kwa wenzangu waandishi wa matangazo, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Tangazo zuri la mkutano wa mtaa halina "mnaarifiwa kwa heshima na taadhima" mistari mitatu kabla ya siku. Anayesoma amesimama juani. Mpe siku, saa, mahali, jambo, basi. Mimi nalipanga hivi:

MKUTANO WA WAKAZI WOTE WA MTAA
Siku: Jumamosi, tarehe (iandikwe kamili, na mwaka)
Saa: 10:30 jioni, baada ya swala ya Alasiri
Mahali: uwanja wa shule ya msingi
Ajenda: 1. Mapato na matumizi ya mtaa. 2. Uzoaji wa taka. 3. Tarehe za kuandikisha wapiga kura
Wanaoalikwa: kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi
Muhtasari utabandikwa hapa hapa Jumatatu
Jina, cheo, sahihi, muhuri, tarehe ya kubandikwa

Herufi ziwe za kusomeka kwa hatua nne. Neno "ajenda" lifuatwe na mambo yenyewe, siyo "mengineyo". Mkutano wa "mengineyo" haumtoi mtu kwenye nyavu zake.

Na saa isichaguliwe kiofisi. Wanaovua dagaa kwa taa hutoka usiku wa giza na hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa haivuti dagaa mwezi ukiwaka. Ukiitisha mkutano katikati ya giza, vijana wa dagaa ama wako baharini ama wamelala. Siku za mbalamwezi utawapata, lakini hizo ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na hukupwa sana saa nne, saa tano asubuhi. Hapo kina mama wanaochokoa pweza na kuokota kombe wako mwambani, na hawawezi kuuacha mwamba kwa ajili ya kiti cha plastiki. Ndiyo maana nimeandika saa kumi na nusu jioni: maji yamejaa, pweza ameshauzwa, Alasiri imeswaliwa, na dagaa hawatokewi usiku huo. Ukitazama mwaka 2024, uandikishaji uliangukia mwezi mpevu, wavuvi wakiwa nchi kavu. Siku ya kura iliangukia kwenye giza, siku ya 25 ya mwezi kwa hesabu ya Kiislamu, kwa hiyo mvuvi wa dagaa alitoka baharini alfajiri moja kwa moja kwenye foleni. Anayebandika tangazo la kura wakati wa giza aongeze mstari mmoja: kituo kiko wazi hadi saa kumi jioni, lala kidogo kisha uje.

Pa kubandika napo pana maana. Ubao wa ofisi ya mtaa ni wa lazima, ndio unaotambulika. Ongeza sokoni upande wa minada ya samaki, mlangoni pa zahanati, kituo cha bodaboda, na kwa ruhusa ya wazee, kwenye baraza la msikiti. Baraza ni bora kuliko ukuta wa nje, kwa sababu upepo wa kusi hung'oa gundi ya uji na mvua ya masika huosha wino wa mashine. Tumia mfuko wa plastiki ulio wazi juu na chini, au laminesheni. Ukitumia kalamu ya rangi, nyeusi au bluu, maana nyekundu hupauka juani kwa siku chache. Usifunike tangazo la mwenzio ambalo siku yake haijapita.

Wapo wasiosoma, na wapo wenye macho mazito. Mpiga mbiu wa kipaza sauti apewe karatasi ile ile, asome maneno yale yale, apite asubuhi na jioni. Imamu na mchungaji wapelekewe nakala siku mbili kabla, wasiombwe dakika ile ya kutoka ibadani.

Kura zikishahesabiwa, soma matokeo yaliyobandikwa, piga picha, hifadhi. Anayeona uchaguzi wa mtaa wake haukwenda kwa kanuni, mahali pa kupeleka shauri ni Mahakama ya Wilaya, na muda wake ni mfupi, kwa hiyo aende na kopi zake zote wiki hiyo hiyo. Matangazo yaliyopitwa yabanduliwe ubaoni, yawekwe kwenye faili la mtaa yakiwa na tarehe zake. Faili hilo mkazi yeyote ana haki ya kuliulizia, na mwenyekiti mpya akianza kazi ndilo la kwanza la kumwomba alifungue.