Kuchagua vijiti safi vya muhogo kabla ya mvua za Machi

Kagua mihogo ikiwa na miezi mitatu hadi sita. Ukingoja siku ya kukata vijiti, majani mengi yatakuwa yamepukutika na ugonjwa hutauona. Mashina yasiyo na ugonjwa yafunge kamba, ili uyatambue siku ya kukata.

Hapa Busia, Teso na Siaya, magharibi mwa Kenya, tuna magonjwa mawili ya virusi: batobato na michirizi ya kahawia. Batobato huonekana kwenye majani machanga: mabaka ya manjano, jani limepinda na kudumaa. Angalia ugonjwa ulianzia wapi. Ukianzia majani ya chini kabisa, virusi vilikuja ndani ya kijiti. Majani ya chini yakiwa mazima na ya juu yamekunjamana, vimeletwa na inzi weupe msimu huu, mara nyingi kutoka mihogo mikongwe iliyo karibu. Hapo kubadilisha mbegu, yaani vijiti vya kupanda, pekee hakutoshi. Ondoa pia hiyo mikongwe.

Michirizi ya kahawia hujificha zaidi. Majani yaliyokomaa hugeuka manjano kufuata mishipa, lakini pengine shina lote huonekana zima huku muhogo umeoza chini. Kwa hiyo siku ya mavuno, kabla ya kukata kijiti chochote, kata kwanza mihogo ya shina hilo kwa upana, kila mmoja sehemu tano. Ukiona doa kavu la kahawia hata moja, usipande kijiti cha shina hilo.

Kijiti kiwe cha sentimita 20 hadi 30, chenye macho 5 hadi 7, kutoka shina la miezi 8 hadi 18. Ukipanda mita moja kwa moja, ekari itachukua karibu vijiti 4,000.

Kuanzia wiki ya nne pita shambani kila wiki hadi miezi mitatu, ung'oe kila mche mgonjwa na kuutoa shambani. Wengi huuonea huruma wakidhani utapona. Tafadhali ng'oa. Aina mbili za virusi vya batobato zikikutana katika shina moja, ugonjwa huwa mkali maradufu, tena virusi hivyo huweza kubadilishana vipande vya vinasaba. Aina kali iliyoteketeza mihogo ya Uganda miaka ya 1990, kisha ikavuka hadi kwetu, ilizaliwa hivyo: virusi vya Afrika Mashariki vilivyochukua kipande kutoka kwa jamaa yao.

Mbegu zinazohimili batobato zilituokoa, ila nyingi kati yake zilishindwa na michirizi. Muulize muuzaji kuhusu magonjwa yote mawili.

Inzi mweupe hubeba batobato kwa siku kadhaa; virusi vya michirizi humtoka upesi, hivyo havifiki mbali naye. Vinaposafiri kutoka kaunti hadi kaunti, hupakiwa kwenye bodaboda na matatu vikiwa ndani ya vijiti. Basi ukienda kuchukua mbegu kwa shemeji au sokoni, omba kwanza kuonyeshwa mihogo ya shina hilo ikiwa imekatwa.